Barabara ya Jicho Moja

Kabla ya kupoteza jicho la kushoto, Kiilu alikuwa dereva wa lori. Lori lenyewe lilikuwa la kiwanda kimoja cha nguo pale Eneo la Viwanda, Thika, na njia yake ilikuwa ya Garissa: anapeleka mablanketi na majora ya vitambaa, analala huko, anarudi. Kona za njia ile alizijua jinsi ulimi unavyojua meno. Wenzake walimtania kwamba lori lingeweza kwenda lenyewe, mradi yeye awemo ndani amelala.

Siku aliyoumia hakuwa hata kwenye usukani. Alikuwa amesimama stoo akingoja kupakiwa, vijana wakifungua marobota ya pamba yaliyofungwa kwa kanda za chuma. Kanda moja ikakatika ikamcharaza usoni. Madaktari waliuokoa uso, jicho halikuokoka. Kiwanda kilimlipa fidia, kikampa kazi ya langoni. Basi kila asubuhi ya safari Kiilu akawa ndiye anayelifungulia lango lori lake mwenyewe, na anayeliendesha ni Ndung'u, aliyekuwa tanboi wake, wa kufunga maturubai na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Ndung'u alipita akitazama mbele kabisa, kama mtu anayepita penye matanga. "Sasa, mkubwa," angesema bila kugeuza shingo. Kiilu angeinua mkono, halafu angelisukuma lango mpaka lifunge.

Watu hudhani mwenye jicho moja huona nusu ya dunia. Sivyo. Dunia huiona yote, ila imelala bapa kama picha ya kalenda ukutani. Kiilu alimimina chai, ikamwagika kando ya kikombe. Alinyoosha mkono kumsalimu mtu, mkono ukakutana na hewa. Mkewe, Wilkister, alijifunza kutomwekea kikombe mezani; alimpa mkononi, akangoja vidole vishike ndipo aachilie. Lakini lori? Mtu asiyeweza kupima umbali wa kikombe atapima vipi umbali wa trela lililo mbele yake? Walipomnyima leseni hakubishana nao.

Alichokitamani hakikuwa mshahara wala heshima ya udereva. Alitamani kitu kidogo sana, ambacho hata kukieleza ilikuwa tabu: ile nukta lori lenye mzigo linapoegemea kwenye kona, likawa kama linafikiri, kisha likasimama tena wima kwa sababu mikono yako imeliambia hivyo. Alikitamani akiwa langoni, alikitamani kanisani, na akiwa mezani mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu bila yeye kujua.

Mwaka wa tisini na tisa, mvua za masika zikiwa zinaisha, ofisi ilimtuma Ruiru kuchukua printa iliyokuwa ikitengenezwa. Duka lilikuwa nyuma ya soko, la mwanamke aitwaye Nadira. Baba yake alikuwa fundi wa redio mahali papo hapo. Yeye alisomea kompyuta Nairobi, akarudi akalijaza duka la mzee masanduku na nyaya. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye ushungi wa kijani na bisibisi nyuma ya sikio. Printa haikuwa tayari. Alimwomba Kiilu avumilie kidogo, na kwa kuwa kiti kilichokuwa wazi ni kile cha mbele ya kompyuta aliyokuwa akiijaribu, akamwambia ajipitishie wakati na mchezo uliokuwa ukicheza humo. Vibonye vya mishale tu, alisema, huu kushoto, huu kulia.

Ulikuwa mchezo wa mbio za magari. Barabara ya udongo ilipita katikati ya miti mirefu isiyo ya huku kwetu, na kando kulikuwa na theluji. Kiilu aligonga mti wa kwanza, akagonga wa pili. Kisha vidole vikazoea. Kona ikaja. Akapunguza mwendo kabla ya kuifikia, akaingia kwa ndani, akatoka kwa nje, na gari likanyooka.

Akashtuka. Alikuwa ameipima ile kona.

Akaendelea. Ya pili akaipima, ya tatu akaipima. Mti uliokuwa mbali aliujua uko mbali, uliokaribia aliujua umekaribia, na hakuna kilichomdanganya. Printa ikawa tayari, Nadira akaiweka juu ya kaunta, akasubiri, kisha akaja kusimama nyuma yake. Alimwuliza kama amewahi kucheza. Kiilu akasema hapana, yeye alikuwa dereva, na akamweleza habari za jicho, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulieleza. Akamwuliza inakuwaje huku nje hawezi kumimina chai na humu ndani anaona.

Nadira alifikiri. Akavuta kiti, akafunika jicho lake moja kwa kiganja, akacheza kwa mkono mmoja, vibaya, huku akitazama vizuri. Akabadilisha jicho. Kisha akaondoa kiganja.

"Ni sawa tu," akasema. "Kioo ni bapa, mzee. Humu ndani sisi wote tuna jicho moja."

Kiilu aliirudisha printa Thika akiwa ameipakata kama mtoto, na kama mtu angemwuliza usiku ule imetengenezwa nini asingejua.

Sehemu ya fidia ilikuwa bado benki. Wilkister alikuwa na mpango nayo wa cherehani, na Kiilu alipomwambia anataka kununua kompyuta, mkewe aliendelea kuchambua sukuma wiki. Halafu akauliza ni ya kazi gani. Kiilu hakuweza kudanganya, akasema ni ya kuendesha gari. Wilkister akamtazama usoni, na alichokiona huko ndicho kilichomfanya aseme cherehani inaweza kungoja, bora asimalize zote.

Kwa hiyo Kiilu akawa mtu wa Ruiru kila Jumamosi ya mapumziko. Alidhani kompyuta hununuliwa kama redio, unaonyesha kidole unafungiwa. Nadira akamwambia zile za kufungiwa zipo, lakini zimetengenezwa kwa makarani: zitaandika barua vizuri, na zikiulizwa barabara zitaileta kwa vipande, kama filamu inayokwama. Zipo pia za watoto wa matajiri, lakini bei yake hata yeye akiitaja huona haya. Yeye angemwundia ya katikati, kitu kimoja kimoja.

"Kwanza uniambie," akasema, "unataka ikufanyie nini? Usiniambie kila kitu. Kila kitu ni bei ya gari."

Kiilu alifikiri, akasema anataka barabara ifike kwa wakati. Akikata usukani, gari likate wakati uleule, si baadaye.

Nadira alilipenda jibu hilo. Alisema basi nguvu itiwe mahali pawili, kwenye kadi ya picha na kwenye kumbukumbu, na kwingine kote wabane. Prosesa, ubongo wa mashine, watachukua Celeron, mdogo wake Pentium. Tumbo lake ni dogo lakini miguu ni ileile. Diski ndogo itatosha, kwani ataweka nini? Modemu ya nini, na nyumba haina simu? Kiilu akaona kadi ya sauti nayo iachwe, kwa kuwa mngurumo wa gari anao kichwani. Nadira akacheka, akamwonyesha nyuma ya kadi yenyewe: hapo penye tundu pana ndipo usukani wa kuchezea huchomekwa. Bila kadi ya sauti hakuna usukani. Kiilu akasema basi iwekwe, hata kama ni kuukuu, maana kuendesha kwa vibonye ni kama kula ugali kwa sindano.

Usukani ndio uliowatia kwenye mabishano. Nadira aliona ni anasa. Alitaka pesa hizo ziende kwenye skrini mpya, pana, isiyochosha jicho. Na huyu mtu, alisema, jicho analo moja tu, alitunze. Kiilu alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akaomba auone usukani ulio dirishani. Ulikuwa wa plastiki, mdogo kuliko sahani, pamoja na pedeli mbili nyepesi kama ndala. Akauweka magotini akaushika, mkono mmoja juu, mmoja ubavuni, kama alivyoshika siku zote. Hakuuzungusha. Nadira alimwangalia akiwa amekaa hivyo, akaenda kwenye rafu akashusha skrini ya mtumba, ndogo, yenye umanjano kidogo pembeni, akasema hii itatosha.

Kwenye kasha na kigawa-umeme, kile kinachopokea stima na kuilisha mashine, Nadira alikataa kabisa kubana. Stima ya Kiganjo, mtaa wa Thika alikoishi Kiilu, ilikuwa ya kuja na kuondoka, na kitu cha bei rahisi hapo kingeunguza vyote.

Ikabaki kadi ya picha. Jina lake lilikuwa Voodoo. Kiilu akauliza maana yake, Nadira akamwambia ni uchawi wa watu wa mbali, na Kiilu akamwomba jina hilo lisije likaandikwa kwenye risiti, kwa sababu Wilkister ni mtu wa kanisa. Nairobi kadi hiyo ilikuwepo kwa bei ya kuumiza. Nadira alikuwa na njia nyingine: mumewe, Salim, alifanya kazi Dubai, na vitu vya duka alivituma kupitia kwa watu wanaosafiri. Wangengoja.

Wakangoja. Kompyuta ilisimama juu ya kaunta ikiwa imeungwa yote, ubavu wazi, na nafasi moja tupu ndani yake. Kila Jumamosi Kiilu alikuja kuitazama. Hapakuwa na la kufanya, hivyo walinywa chai na kuzungumza. Nadira hakuwa mtu wa kulalamika, lakini mtu akikaa karibu na anayengoja hujua. Salim hakuwa amekuja nyumbani tangu mwaka wa mvua za El Nino. Alipiga simu, alituma vitu. Mwaka uliopita alisema atakuja mwaka huu. Mwaka huu ulikuwa umefika katikati.

Kadi ilifika mwezi wa nane, mkononi mwa mfanyabiashara mmoja wa Eastleigh. Kiilu alikuwepo. Nadira alifungua bahasha ya kaki, ndani mkatoka shati la mwanamume, jeupe, limeviringishwa, na ndani ya shati ndimo kadi ilimokuwa, kwenye mfuko wake wa rangi ya fedha. Ni wazi Salim alilitumia shati kuikinga kadi isivunjike. Nadira aliiweka kadi kando bila kuiangalia. Akalishika shati, akalileta usoni, akakaa nalo.

Kiilu aligeuka akasoma tangazo la wino wa printa. Alilisoma lote.

Baadaye Nadira akalikunja shati akaliweka chini ya kaunta. Akanawa mikono, akaipachika kadi kwenye nafasi yake, akabana skrubu. Akawasha. Ile barabara ya theluji ikaja, laini kama maji yanayomiminwa.

Kuibeba mpaka Thika kulikuwa na shida yake. Skrini ilikuwa nzito, na Kiilu hakutaka mtu aikalie kwenye matatu. Siku mbili alizunguka na wazo asilolipenda. Ya tatu, lori likitoka langoni kwenda Nairobi badala ya Garissa, alisimama mbele yake. Ndung'u akafunga breki. Kiilu akamwuliza kama jioni atakaporudi kutoka Nairobi anaweza kupitia Ruiru. Ndung'u alisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

Hivyo ndivyo alivyopanda tena lori lake, kwa mlango wa kushoto. Kasha lilikuwa miguuni, skrini ameipakata mapajani. Ndani palinuka vilevile, dizeli na vumbi la pamba. Ndung'u aliendesha kama mtu anayetahiniwa. Walipopita Juja mguu wa Kiilu ulikuwa ukikanyaga sakafu kwa kila gari lililoingia mbele yao, na Ndung'u aliuona.

"Mkubwa, nilidhani hutaki kuniona," akasema mwishowe.

"Ni gari sikutaka kuliona," Kiilu akajibu. "Wewe hukunikosea."

Kwenye mzunguko wa kuingilia Thika Ndung'u alichelewa kidogo kupunguza, lori likaegemea, na mwili wa Kiilu wote ukalijua. Akafumba jicho. Lori lilipokwisha kunyooka akamwambia kwa sauti ya chini kwamba apunguze kabla ya kona, si ndani ya kona. Ndung'u akasema, "Sawa, mkubwa," na machozi yalikuwa yakimlenga, ingawa Kiilu, jicho lake likiwa barabarani, hakuyaona.

Kompyuta ikawekwa kwenye kona ya sebule, usukani ukafungwa kwenye meza kwa skrubu zake. Mwanzoni ilikuwa furaha. Kiilu akitoka langoni alikuwa akioga, anakula, anaketi. Alizijua njia zote za mchezo ule, za theluji, za changarawe, za milimani. Ndung'u alikuja akajaribu, akaingia mtaroni mara baada ya mara, wakacheka kama zamani. Lakini wageni wakiondoka Kiilu alibaki pale, na alipobaki hakuwa na habari ya mtu. Barabara ilikuwa nzuri, ilifika kwa wakati. Tatizo ni kwamba haikuwa na mtu kando yake. Hakuna muuza mahindi, hakuna mbuzi, hakuna ngamia, hakuna vumbi linaloingia puani. Kila alipofika mwisho alirudishwa mwanzo, naye akaanza tena, kana kwamba safari hii labda ingetokea kwingine.

Mwezi wa kumi na moja alikwenda Ruiru kutafuta pedeli, moja ilikuwa imevunjika. Akalikuta duka nusu tupu. Nadira alikuwa akifunga masanduku. Alisema mdogo wake atalishika duka; yeye amekata tiketi. Salim hakuwa amemwita, wala hakuwa amemkataza. Kiilu akauliza kama haogopi atakachokikuta huko.

"Naogopa," Nadira akasema. "Lakini mtu anayengoja huzeeka mara mbili, mzee. Yake, na ya yule anayengojwa."

Alimpa pedeli bila kuchukua kitu. Kiilu alimtakia safari njema, na huko Dubai mambo yalikwendaje hakuja kujua kamwe.

Jumapili iliyofuata Wilkister alitoka kanisani, akabadilisha nguo, akaja kuketi karibu na meza ya kompyuta. Ilikuwa alasiri, mlango uko wazi, watoto wa majirani wakicheza nje. Kiilu alikuwa kwenye njia ya milimani. Mkewe akatazama kwa muda, kisha akasema, polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali:

"Baba Mueni, ile miaka yako yote ya Garissa, mimi nilikuwa hapa nakungoja. Ulipoumia nililia, na Mungu anisamehe, kuna pahali moyoni nilisema, sasa atakaa. Umekaa. Na mimi bado nakungoja."

Kiilu aliachilia usukani. Gari likaenda lenyewe hatua chache likatumbukia kwenye theluji, injini ikinguruma bure. Akageuka amtazame. Wilkister alikuwa ameketi kushoto, upande wa giza, na ilimbidi ageuze kiti kizima ndipo amwone. Aliona mvi kwenye nywele zake ambazo hakujua zimeanza lini. Alitaka kusema anajuta, lakini neno hilo lilikuwa dogo, halingetosha hata kikombe kimoja cha vile vikombe alivyopewa mkononi.

"Njoo ukae upande huu," akasema.

Mkewe akahama, akaketi kulia kwake. Walikaa hivyo, magoti yakigusana. Kisha Wilkister akauliza swali ambalo katika ndoa yao yote hakuwahi kuuliza, kwa sababu siku zote mumewe alirudi amechoka na kulala: huko ulikokuwa ukienda, kukoje?

Kiilu akaanza kwa kigugumizi. Akamwambia unatoka Thika ukiuacha Kilimambogo mkono wa kulia, na asubuhi mlima unakuwa na kofia ya ukungu. Akamwambia habari za Matuu na maembe yake, na za mama mmoja wa Kanyonyo anayeuza mayai ya kuchemsha na kukataa kabisa kumuuzia mtu anayezungumza naye bila kushuka kwenye gari. Wilkister akacheka, akauliza jina la mama huyo. Kiilu hakulijua, na aliona aibu kwamba hakuwahi kuuliza. Akampitisha Mwingi, sokoni kwa watu wa kwao, akampitisha Nguni, ambako miti inaanza kuwa mifupi na ardhi kuwa nyekundu. Alipokuwa akisema, mikono yake ilikata kona hewani, na ile hamu ya zamani ikampanda kifuani vilevile, kwa uzito uleule. Haikupungua. Ila safari hii kulikuwa na mtu kwenye kiti cha pili.

Walikuwa wamefika Ukasi stima ilipopotea. Skrini ikanyauka, theluji na gari vikaenda pamoja. Hakuna aliyeinuka.

"Kutoka hapo Ukasi kuna kona nyingi?" Wilkister akauliza.

"Hakuna," Kiilu akasema. "Hapo ni kunyooka tu. Unakwenda, unakwenda, mpaka uone kijani cha mto."